Mshono Nilioukata Mbele ya Wabebaji

Mwezi uliopita nilipanda Lushoto kwa arobaini ya shangazi yangu. Tukiwa uani tunamenya viazi, mama mmoja wa jirani alinishika mkono, akaugeuza, akayaona makovu madogo ya cheche. "Pole, mwanangu," akasema. "Shangazi yako alikunyima utoto." Kwa umri wake nilimshukuru, nikaendelea kumenya. Lakini wewe ni mtu wangu, nitakuambia: si kweli hata kidogo. Utoto niliupata wa kutosha, ila wangu ulinukia chuma cha moto.

Shangazi alikuwa na karakana ya mabati ya kuchomelea vyuma nyuma ya soko. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani, ukija na harufu ya kabichi na pichesi zilizoanza kulainika. Nilikaa kwake ili nisome shule ya mjini, na nikitoka darasani nilikuta makande na chai ya mchaichai, kisha glovu za ngozi zilizonifika viwikoni. Mashine yake ilikuwa ya mig, ile inayochomelea kwa waya na gesi. Aliinunua ikiwa imeshatumika, alipoacha kazi ya kuajiriwa kwenye karakana ya misheni. Mafundi wenzake, wote wanaume, walitumia mashine za vijiti, wakasema ile ya shangazi ni ya wavivu. Yeye alishusha ngao ya uso, akaendelea na kazi.

Alikuwa na desturi moja: akinifundisha alitumia Kiswahili, akikasirika alihamia Kishambaa. Kwa Kiswahili alinifundisha kusugua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kwa sababu uchafu hauungani na kitu. Klampu ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine, ibane chuma kitupu. Waya utokeze kwa upana wa kidole tu. Piga vidoa vichache kwanza, huku na huku, vishikilie kazi isipinde, ndipo uvute mshono mrefu polepole, mkono ukiwa umeegemea kitu. Na sikio lifanye kazi. "Ikilia kama sambusa kwenye mafuta, twende," alisema. "Ikipasukapasuka kama bisi, simama urekebishe." Zaidi ya yote, alinikataza kufungua mlango wakati wa kuchomelea. Gesi ndiyo inayokifunika chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa. Upepo wa milimani ukiipeperusha, mshono unajaa vitundu, na chenye vitundu hakibebi mzigo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu masika yalipobeba daraja la magogo la kitongoji cha bibi yangu, juu ya kijiji cha Gare. Watoto wa kule walikaa wiki tatu bila kwenda shule. Shangazi akaomba kazi ya kutengeneza daraja la chuma. Kikaoni mzee mmoja alisimama akasema hawezi kuwapitisha wajukuu zake juu ya kazi ya mwanamke. Shangazi akamuuliza, "Baba, shikamoo. Nyumba unayolala, nani aliikandika?" Watu wakacheka, na kazi akapewa.

Tulichomelea fremu vipande vipande, ili vikafungwe kwa nati kule kule mtoni, kwa kuwa hakukuwa na umeme. Mihimili ilikuwa yake. Mimi alinipa vyuma vya pembeni vya kushikilia mkono, pamoja na nguzo zake. Siku moja alipokwenda kununua waya, joto na moshi vilinizidi, nikafungua mlango. Mshono wa nguzo ya katikati ukatoka na vitundu kama kitumbua. Nikaogopa. Nikachukua grenda, nikausawazisha, nikapaka rangi, ukapendeza kuliko yote.

Siku nne nilikula bila kusikia ladha. Akilini nilimwona kila mara mtoto wa shule ameegemea nguzo ile, mto umejaa chini yake.

Asubuhi ya kusafirisha, wanaume kumi wa kubeba vyuma walifika na pikapu. Walikuwa wameshapakia fremu mbili nilipomvuta shangazi kanga. "Shangazi, nguzo ya katikati ina vitundu. Nilifungua mlango. Nikaficha."

Nilisubiri Kishambaa. Hakikuja. Alinitazama, akawageukia wabebaji. "Shusheni ile ya kati."

"Kuna nini tena?" mmoja akauliza.

"Kuna kosa. Linarekebishwa."

Wakaangua kicheko. "Si tulisema?" mwingine akasema kwa sauti. "Hata kabla halijafika mtoni!"

"Mlisema," shangazi akajibu. "Sasa kaeni chini msubiri. Daraja langu halitoki hapa na uongo ndani yake." Akanipa grenda. "Wewe uliyeharibu, wewe kata."

Nikakata. Nikasugua. Mlango ukafungwa, wanaume wakiwa ndani wamegeuzia nyuso ukutani kuokoa macho yao, na mimi nikapiga vidoa, nikavuta mshono, mkono ukiwa umetulia. Ulilia kama sambusa. Ulipopoa, shangazi aliugonga kwa nyundo kubwa mara tatu. "Pakieni," akasema. Hakuna aliyecheka.

Kule mtoni, mbao zilipokwisha kupigwa, watu wote walisimama kando wakiangaliana. Bibi akajitwisha tenga lake la karoti, akaenda mpaka katikati, akaruka mara mbili kama yuko ngomani. "Njooni basi!" akapaza sauti. Wakavuka.

Siku ya ufunguzi mwenyekiti aliwashukuru vijana shupavu waliobeba vyuma mlimani. Alipotaka kukaa, shangazi akasimama. "Mwenyekiti, umesahau mafundi. Mafundi ni mimi na huyu." Kisha akakaa, akaendelea kula pilau yake.

Leo pale mtoni pana daraja la zege, lenye upana wa kupitisha gari. Karakana imekuwa duka la simu. Mashine iliuzwa, sijui iko kwa nani, na wanaoitaja kazi ya shangazi ni wachache, tena kwa kunihurumia mimi niliyelelewa naye. Huruma hiyo siipokei. Wanasema alinisimamisha penye kazi ya wanaume. Nilisimama kwa miguu yangu mwenyewe, na watoto walipita.