Karama Iliyofika Mikononi mwa Wayua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Soko la Toi bado lina baridi. Wayua Mulwa amepiga magoti juu ya turubai, anakata kamba za robota la nguo za watoto. Anavuta fulana ya kwanza, anaikung'uta, anaikagua kwapa na shingo, kisha anainua uso na kuanza kuongea kwa mikono.

Upande wa pili wa kijia, Suad Abdulmajid anaacha cherehani yake na kumjibu, naye kwa mikono. Vidole vinakwenda kasi. Wayua anacheka mpaka anafuta machozi. Mteja aliyesimama katikati anatazama huku na huku, kama mtu aliyeingilia mambo ya nyumba ya wenyewe.

"Anasema hii fulana imechoka kuliko mume wake," Wayua anamweleza. "Lakini ataishona. Wewe chukua tu."

Suad ni Mnubi, Mwislamu, mzaliwa wa Kibera, na ni kiziwi tangu utotoni. Wayua, mwenye umri wa miaka arobaini na tatu, ni Mkamba kutoka Mwala. Anaishi Kabiro, Kawangware, na binti yake Mueni, na anaabudu katika kanisa dogo la mabati karibu na nyumba yake ya kupanga. Humo, kila Jumapili, viziwi kumi na wanne hutazama mikono yake ili wajue mchungaji anahubiri nini.

Lakini Wayua hapendi kisa chake kianzie hapo.

"Andika kwanza kwamba nilidanganya," anasema. "Ukiruka hapo, hutaelewa neema ni nini."

Alihamia Kawangware mwaka 2014, baada ya kufiwa na mume wake. Alifua nguo za watu kwa kibarua, siku nzuri akirudi na shilingi mia tano, siku mbaya akirudi na miguu iliyovimba. Kanisa la Kabiro lilimpokea kama ndugu. Walimtafutia nyumba, wakamwangalizia binti yake alipokwenda kazini.

Katika kanisa hilo, karama za Roho huonekana na kusikika. Wapo wanaonena kwa lugha zisizojulikana, wapo wanaotoa unabii, wapo wanaowawekea wagonjwa mikono. Wayua alifunga, akaomba, akaombewa mara nyingi. Hakusikia chochote.

"Wenzangu wanaguswa, mimi nimesimama tu kama nguzo ya stima," anakumbuka. "Nikaanza kuona kama Mungu ananipita akienda kwa jirani."

Mwaka 2018, katika wiki ya maombi, dada mmoja alimshika mabega akamwambia afungue kinywa, aachilie. Wayua akafungua kinywa. Alitoa silabi tatu alizozisikia kwa wengine, akazirudia harakaharaka, na kanisa likalipuka kwa shangwe. Watu walimkumbatia. Wiki iliyofuata aliingizwa katika kikundi cha maombezi, akapewa maiki.

"Nilijua siku hiyohiyo kwamba ni mimi, si Roho," anasema kwa sauti ya chini. "Lakini ningewaambiaje? Walikuwa wamefurahi hivyo."

Aliibeba siri hiyo kwa miaka minne. Kuna mama aliyemletea mtoto mwenye homa kali, akaombewa, akaondoka na imani yake. Wayua alifika nyumbani akashindwa kula. Mtoto alipona. "Hiyo ilikuwa rehema ya Mungu kwa yule mama," anasema. "Mimi sikuwa na mkono wangu hapo."

Ni katika miaka hiyo alipopata kibanda Toi, mkabala na Suad. Mwanzoni walionyeshana vitu kwa vidole. Kisha Suad, aliyesomea shule ya viziwi, akaanza kumfundisha ishara mojamoja biashara ilipolala: nguo, mvua, njaa, askari wa kaunti. Akampa na jina la ishara, kidole kinachogusa kishimo cha shavu. Kufikia mwaka wa tatu waliweza kuteta, kutaniana na kufarijiana bila sauti.

Mueni alipomaliza kidato cha nne, kanisa liliandaa ibada ya shukrani. Suad alialikwa. Alikuja na dera jipya na mtandio wake, akaketishwa safu ya pili kwa heshima ya urafiki. Maombi yalipopamba moto, Wayua alishika maiki kama kawaida.

Kesho yake sokoni, Suad alimuuliza swali.

"Mimi husoma midomo," mikono yake ilisema. "Wale wengine, midomo yao ilikwenda huku na huku. Yako ilirudia kitu kimoja, kitu kimoja. Ulikuwa unamwambia Mungu nini?"

Hakuwa anamshtaki. Alitaka kujua tu. Wayua aliinua mikono kumjibu, ikabaki hewani.

"Kwa mdomo ningedanganya, nilikuwa nimezoea," anasema. "Lakini kwa mikono, sikuwa nimewahi kumdanganya mtu yeyote."

Alimjibu kwa ishara mbili: hakuna kitu. Kisha akalia. Suad alivuka kijia, akaketi naye juu ya turubai, na hakuuliza tena.

Jumanne iliyofuata Wayua alikwenda kwa Mchungaji Khamala, ambaye siku za wiki huchomelea milango ya chuma kando ya barabara. Alimkuta kazini. Akamweleza yote akiwa amesimama, moshi wa chuma ukimwingia machoni. Mchungaji alivua miwani yake ya kazi.

"Mama Mueni," alimwambia, "hujaniambia kitu ambacho Mungu hakujua. Na alikuwa anakupenda hiyo miaka yote minne."

"Basi aliniona nikidanganya na akanyamaza?"

"Alikungoja. Sasa weka maiki chini. Miezi mitatu usihudumu popote. Keti tu upokee kama mgeni."

Wayua aliomba jambo moja: awaambie washirika mwenyewe. Jumapili iliyofuata alisimama mbele yao akakiri. Dada mmoja aliyekuwa naye katika maombezi aliacha kumsalimia kwa karibu mwaka mzima. Mwingine alimfuata mpaka nje, akamvuta kando ya choo, akamnong'oneza, "Hata mimi." Walishikana mikono.

Aibu ndiyo iliyompeleka benchi la mwisho. Na benchi la mwisho ndilo lililokuwa la Nzembi.

Nzembi, muuza mboga mwenye umri wa miaka sitini na mbili, ni kiziwi. Alikuwa ameabudu hapo kwa miaka tisa. Watu walimpungia mkono akiingia, wakampungia akitoka. Wayua mwenyewe alikuwa amempungia miaka yote hiyo, na hata baada ya kujifunza ishara kwa Suad, hakuwahi kugeuka nyuma kumtazama.

"Nilikuwa na shughuli nyingi mbele," anasema, na hacheki.

Jumapili ya kwanza alipoketi hapo, Nzembi alimgusa goti, akauliza kwa mikono kama anaumwa. Wayua alijibu. Macho ya Nzembi yakapanuka. Akamwonyesha mchungaji aliyekuwa akihubiri: anasema nini?

Mchungaji alihubiri juu ya neema. Wayua hakujua ishara yake. Alijaribu kwa alizokuwa nazo: zawadi. Bure.

"Ya nani?" Nzembi aliuliza.

"Yako."

"Nilifanya nini?"

"Hakuna kitu."

Nzembi aliziangalia ishara hizo, akaomba zirudiwe. Wayua alizirudia, mikono ikiwa chini mapajani ili wasivuruge ibada. Wakati wa sadaka, wote wawili walikuwa wamelowa machozi. "Nilipomjibu yeye," anasema Wayua, "niliona nimejijibu mwenyewe."

Wiki iliyofuata Nzembi alileta rafiki yake. Kisha wakaja wengine wawili, kutoka Kibera. Manung'uniko nayo yakaja. Mzee mmoja wa kanisa alisema Wayua ametafuta njia mpya ya kuonekana, na neno hilo lilimchoma kwa sababu aliogopa ni la kweli. Akaenda kwa mchungaji akitaka kuacha.

Khamala alimwambia amalize miezi yake mitatu hukohuko nyuma. Ilipokwisha, alimwita mbele, asimame kando ya mimbari. Wayua alikataa mara mbili. Mara ya tatu Nzembi alimshika mkono wa sweta akamvuta mpaka mbele, kisha akarudi akaketi safu ya kwanza, miaka tisa baada ya kuingia kanisani humo.

"Watu huniuliza kama hii ni karama ama ni ujuzi tu aliojifunza sokoni," anasema mchungaji. "Nawauliza, kwani mlitaka Mungu ampatie wapi?"

Suad, akitafsiriwa na Wayua mwenyewe, anasema yeye hana maoni kuhusu mambo ya kanisa. "Mimi nilimfundisha kwa sababu alikuwa jirani," mikono yake inasema. "Na alikuwa mgumu wa kushika." Wayua anatafsiri hilo pia, neno kwa neno.

Je, bado anaomba kupewa lugha? Anasema wapo wenzake walio nayo kwa kweli, na huwashukuru kwa maombi yao. Yeye haombi tena. "Silali na deni mbele za Mungu," anasema. "Nilidhani karama ni cheti cha kupendwa. Kumbe nilipendwa kwanza, nikiwa mikono mitupu."

Sasa anajiandaa kwa mtihani wa ukalimani wa lugha ya ishara. Anataka siku moja asimame zahanati, ambako Nzembi aliwahi kurudishwa nyumbani bila kueleza alipoumwa. Na kuanzia Jumamosi ijayo, alasiri, atafungua darasa kanisani kwa wazazi wanaosikia wenye watoto viziwi. Hakuna ada. Waliojiandikisha ni tisa, wawili wao Waislamu waliotumwa na Suad.

Wa mwisho kujiandikisha alikuwa Muchiri, mwendesha bodaboda wa Kawangware, ambaye binti yake kiziwi ana miaka minane. Alifika kibandani jana na kofia ya pikipiki mkononi. Wayua alimweleza kwamba wataanza na alfabeti, halafu namba, halafu majina ya vitu vya nyumbani.

Muchiri alisikiliza, akaigeuzageuza kofia.

"Hizo nitashika polepole," alisema. "Kwanza nifundishe kumwambia nisamehe. Miaka yote hii nimempigia kelele nikidhani ni mkaidi."

Wayua aliiweka chini nguo aliyokuwa anakunja, akamwambia aachilie kofia, atahitaji mikono yote miwili.