Nilivunjika, Ndipo Nikaanguka

Mama alikuwa anageuka kutoka jikoni, sufuria ya wali ameshaiteremsha, mikononi hana kitu, alipokatika mfupa wa paja. Nilikuwa nimekaa mezani namenya vitunguu saumu, na niliusikia mlio wake, mkavu, kama kijiti kinachovunjwa kwa goti. Kisha nikamwona anakwenda chini polepole. Uso wake ulikuwa na mshangao zaidi kuliko maumivu.

"Nimevunjika," alisema kutoka sakafuni. Hakusema ameanguka.

Ilikuwa mwaka 2017, katika fleti yetu ya Irving. Mama alikuwa amesomesha shule za msingi Tanga maisha yake yote kabla sijamleta Marekani, na ualimu haukumtoka. Sentensi ikikaa vibaya lazima airekebishe, iwe ya nani. Hospitalini kila aliyeingia chumbani alimuuliza, "Ulianguka vipi?" Nami nikitafsiri, na kila mmoja akipewa jibu lile lile: "Mwambie sikuanguka nikavunjika. Nilivunjika, ndipo nikaanguka." Muuguzi mmoja aliandika kwamba mgonjwa ameteleza. Mama alimwomba afute.

Aliyemwelewa ni daktari wa mifupa, kijana mwenye sauti ya chini. Alituonyesha picha ya eksirei kwenye kompyuta, akauliza kama paja lilikuwa linamuuma kabla ya siku ile. Lilikuwa linauma kwa miezi. Tulikuwa tumeshaambiwa ni uzee, ni baridi ya kiyoyozi, ni kusimama sana, na mimi nilikuwa nikimkanda kwa mafuta ya karafuu kila jioni.

"Anatumia dawa ya kuimarisha mifupa?"

Alikuwa anatumia. Miaka kadhaa nyuma daktari wa kliniki alimpima akakuta mifupa imepungua uzito, na tangu hapo Mama alikuwa akimeza kidonge kimoja kila Jumamosi asubuhi. Kidonge chenyewe kilikuwa na masharti kama dawa ya mganga: tumbo liwe tupu, maji yawe matupu, na mmezaji asile wala asilale kwa nusu saa. Mama aliipenda ile nusu saa. Alikaa wima dirishani na tasbihi yake, na nyumba nzima tulijua hasemeshwi.

Daktari alieleza bila haraka. Dawa hizi huwakinga wanawake wengi wasivunjike nyonga. Lakini kwa wachache, hasa waliozitumia kwa miaka mingi, mfupa wa paja huacha kujitengeneza upya. Hupata ufa mdogo, ufa hukua, na siku moja mfupa hukatika bila hata kupigwa. Kisha akaweka picha ya paja la pili. Ubavuni mwa mfupa palikuwa na kivimbe kidogo kama chunusi.

"Na huu umeshaanza," alisema.

Basi Mama akatiwa vyuma mapaja yote mawili, moja kwa sababu limevunjika, la pili lisije likavunjika. Nilipomaliza kumtafsiria alisema taratibu, "Dawa ya mifupa imevunja mifupa." Hakulalamika. Alikuwa kama mwalimu anayesoma sentensi ubaoni akitafuta kosa liko wapi.

Alijifunza kutembea upya kwenye kituo cha mazoezi ya viungo, na huko ndiko alikompata rafiki. Alikuwa Mmarekani mweusi wa Fort Worth, aliyeendesha mabasi ya shule mpaka akastaafu, mwanamke wa kanisa na kicheko kikubwa. Walikutana kwenye vyuma viwili vya kushikilia, kila mmoja anakokota mguu kuelekea kwa mwenzake.

"Paja?" yule mwanamke aliuliza.

"Paja," Mama alijibu kwa Kiingereza chake cha vitabuni.

"Kidonge cha kila wiki?"

"Jumamosi."

"Mimi Jumapili, kabla ya kanisa!"

Walicheka mpaka mwalimu wa mazoezi akaja kuwashika wasianguke. Tangu siku hiyo Mama alimwita Bi Dereva, na yeye alimwita Mama, ingawa walikaribiana umri.

Bi Dereva alikuwa ameshapata wakili. Ofisi yake ilikuwa Houston, na alikuwa na kesi za wanawake wengi waliovunjika mapaja kwa namna ile ile. Walikuwa wakidai kwamba kampuni iliyotengeneza dawa ilijua hatari hiyo na haikuwaonya mapema kwenye karatasi ya maelezo. Bi Dereva alitaka Mama naye ajiunge. Mama alisita.

"Kushitaki ni kugombana," aliniambia nimtafsirie. "Mimi sina ugomvi na mtu."

Bi Dereva alitikisa kichwa. "Mwambie si ugomvi. Ni kuuliza swali mahali ambapo lazima mtu ajibu."

Mwalimu hawezi kulikataa swali. Mwanzoni mwa 2018 tulikwenda Houston watatu, mimi nikiendesha na Bi Dereva akinielekeza kutoka kiti cha nyuma kana kwamba nimebeba wanafunzi. Kila tulipokuta kituo cha mafuta tulisimama, wakashuka kunyoosha miguu, mmoja amemshika mwenzake mkono. Tulilala Alief, mtaa wa huko huko Houston, kwa mke wa marehemu mjomba. Alitupikia pilau, na Bi Dereva alikataa kijiko akala kwa mkono kama sisi. Alitaka kujua ile harufu ni ya nini. Mke wa mjomba akamfungia bizari nzima na mdalasini kwenye karatasi aende nazo.

Asubuhi tulikuwa kwa wakili. Alikuwa mwanamke wa makamo, na alimsikiliza Mama mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo madaktari wengi hawakuliweza. Mama alipofika kwenye "nilivunjika, ndipo nikaanguka," wakili aliinua macho akasema, "Ndiyo hivyo hasa. Wote wananiambia hivyo."

Kisha akaomba kuona dawa. Mama akatoa chupa kwenye mkoba. Wakili aliigeuza, akasoma lebo, akaisoma tena. Niliona mabega yake yanashuka.

"Pole sana," alisema. "Hii si ya kampuni iliyoigundua. Ni ile ya bei nafuu, iliyotengenezwa na kampuni nyingine."

"Kwani si dawa hiyo hiyo?" nikauliza.

"Ni hiyo hiyo. Lakini kisheria, kampuni ya nakala inalazimika kunakili onyo la kampuni ya kwanza neno kwa neno. Haiwezi kushitakiwa kwa kutoongeza onyo ambalo haikuruhusiwa kuliongeza. Na kampuni ya kwanza itasema haikumuuzia mama yako kitu."

Nilimtafsiria Mama. Alinitaka nirudie.

"Muulize," alisema, "dawa ni moja?"

"Ni moja."

"Na mifupa imevunjika namna moja?"

Wakili alimtazama Bi Dereva, akamtazama Mama. "Namna moja."

"Lakini yeye ana kesi, mimi sina."

"Wewe huna. Nisingependa iwe hivyo, lakini siwezi kukudanganya."

Mama alimshukuru, akairudisha chupa mkobani. Aliyelia alikuwa Bi Dereva, ndani ya lifti. Alisema anajiona kama amemruka mwenzake kwenye foleni. Mama alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Sheria hukuiandika wewe," alimwambia.

Mimi ndiye niliyekasirika. Niliendesha kurudi kwa hasira, nikizungumza peke yangu karibu njia nzima. Mama aliniacha. Tulipokaribia nyumbani alisema, "Nipeleke kliniki."

Daktari wa kliniki, aliyemwandikia kidonge, alikuwa mwanamke wa rika langu. Alipomwona Mama na fremu ya kutembelea alisimama. Alikuwa ameshapata taarifa ya hospitali. Alisema alifuata mwongozo, kisha akaacha kujitetea. Alivuta kiti akakaa karibu naye, magoti kwa magoti.

"Ulikuja ukaniambia paja linauma," alisema. "Sikuunganisha mambo. Samahani sana, Mama."

"Hukunitakia mabaya, mwanangu," Mama alimwambia. "Ila nina ombi. Kila unayempa kidonge kile, muulize kuhusu paja. Usingoje akuambie."

Daktari aliahidi. Nilidhani ni maneno ya adabu tu. Lakini mwaka uliofuata, jirani yetu wa chini, mama wa Kikongo anayetibiwa pale pale, alituambia daktari anamuuliza kuhusu mapaja kila akienda, na safari moja alimpeleka eksirei. Mfupa ulikutwa na ufa mwembamba. Alisimamishiwa dawa, akapewa mkongojo, akapona bila kuvunjika. Mama alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho, akaenda chumbani akaswali rakaa mbili.

Kesi ya Bi Dereva ilikwenda kwa mwendo wake. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ilizungumzia nani mwenye haki ya kuamua suala la onyo, jaji au baraza la wananchi wanaoketi mahakamani kusikiliza kesi, ikasema ni jaji, na majalada yakarudi chini. Kila alipopigiwa simu na wakili, na yeye alimpigia Mama. Mama alikuwa akimwombea kila Ijumaa, nami nilikuwa nikimuuliza haoni uchungu kumwombea mtu apate alichonyimwa yeye. Alisema uchungu upo, lakini hauzuii dua.

Mwaka 2020, maradhi yalipofungia watu ndani, hawakuonana kwa miezi. Halafu alasiri moja ya vuli Bi Dereva alikuja na gari lake, akaliegesha chini ya ngazi zetu, barakoa usoni, kioo kimeshushwa. Nilimtolea Mama kiti nikakiweka mbali kidogo. Alishuka ngazi mwenyewe, ameshika chuma cha pembeni, na Bi Dereva akampigia honi ya shangwe.

"Kesi bado," Bi Dereva alisema kabla hajaulizwa. "Wanasema tungoje. Wakili aliniuliza kama nimechoka, nikitaka kutoka naweza."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nitazungumza na Mama kwanza."

Mama aliweka mikono juu ya mapaja yake. Hakuhitaji nimtafsirie. Alijibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake, neno moja moja.

"Usitoke. Kaa humo kwa miguu yako na yangu."

Bi Dereva aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akafungua mlango wa gari na kuanza kushuka, mguu wa kushoto kwanza, na Mama akamkemea avae barakoa vizuri, pua ilikuwa nje.