Popoo ya Shemeji, Chokoleti Mdomoni

Mvua imekesha, na sasa kumekucha. Nesta Waikori anasukutua mdomo kwa maji ya vuguvugu, anatema nje ya kibanda, anasukutua tena. Tangu aamke amekula muhogo wa kuchemsha tu, mkavu, bila chumvi wala nazi. Mbele yake, juu ya jani la mgomba, kuna chokoleti moja nyeusi iliyomeguka pembe.

"Kaa mbali, Klera," anasema bila kugeuka. "Pumzi yako yote ni popoo."

"Sasa nisipumue?"

"Pumua, lakini pumulia kule."

Klera Takiara anacheka, meno mekundu kwa popoo anayotafuna, anasogea hatua mbili na kubaki hapo hapo. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama tisa wa kijiji cha Waipunu, kusini mwa kisiwa cha Makira, wanaotengeneza chokoleti kwa kakao ya mashamba yao wenyewe. Wanaitia tangawizi, pilipili kidogo, vipande vya nanasi kavu na kokwa za ngali, zenye mafuta kama korosho. Nesta ndiye ulimi wa kikundi. Hakuna kinachopanda meli kabla yeye hajaonja.

Leo meli inatarajiwa mchana, bahari ikikubali. Chokoleti mia tatu zimekwisha kufungwa, na Nesta anasukutua mara ya tatu.

Anayo sababu. Mzigo uliopita ulirudishwa na mwenye duka kule Honiara, mji mkuu. Alisema unanuka moshi, na ukinuka tena asiletewe mwingine. Chokoleti moja inawapa dola thelathini za nchi yao. Hakuna kitu kingine kijijini kinachowapa akina mama hela hiyo, na binti wa Nesta anasomea uuguzi kwa hela hiyo hiyo.

"Nikisema safi na si safi, tumekwisha," anasema. "Nikisema si safi na ni safi, nimewanyang'anya wenzangu riziki. Na mdomo ni huu mmoja."

Mdomo huo haujatafuna popoo kwa miaka minne. Popoo, kokwa inayotafunwa pamoja na jani na chokaa, huunguza ulimi, na ladha huchukua siku mbili tatu kurudi. Kwa hiyo aliacha. Lakini Waipunu kuacha popoo ni kama kuacha kuitikia salamu. Watu hutafuna wakiposa, wakizika, wakipatana. Anayekunyooshea popoo hakulishi, anakuambia neno, na ukiikataa umelikataa neno lake.

"Waliniuliza nimeingia kanisa gani linalokataza popoo," anasema Nesta. "Mmoja akaniambia, kama huko mbinguni kwenu hakuna popoo, mimi nibakisheni hapa."

Anavunja kipande, anakiweka juu ya ulimi, anafumba macho. Hatafuni. Anakiacha kiyeyuke chenyewe, na chokoleti nyeusi haina haraka. Kwanza unakuja uchungu, kisha nanasi linachomoza na uchachu wake.

Ndipo mtu anapopiga hodi.

Ni Selwini Waikori, kaka mkubwa wa mume wake. Ameloa chapachapa. Mkononi ana popoo mbichi, jani lake na kichupa cha chokaa.

Klera anaacha kutafuna. Selwini hajakanyaga nyumba hii kwa miaka miwili, tangu siku ya mizani, kakao ya kijiji ilipokuwa ikipimwa, Nesta aliponusa gunia lake mbele ya watu wote na kusema, "Hili lina moshi, litoeni." Bomba la tanuri lake la kukaushia lilikuwa limetoboka. Gunia likatolewa, na Selwini akaondoka nalo begani watu wakimwangalia.

Mwezi uliopita mafuriko yalibomoa tanuri la kikundi. Likabaki la Selwini tu. Klera ndiye aliyekwenda kumbembeleza. Selwini akakubali, akanunua bomba jipya kwa hela yake, na akasema, "Safari hii mwambieni shemeji anuse mpaka pua imdondoke."

Sasa amesimama mlangoni, mkono umenyooka.

"Shemeji," anasema. "Nimechoka kupita nyuma ya nyumba ya mdogo wangu kama mwizi. Chukua tutafune, yaishe."

Nesta ana chokoleti mdomoni. Akifungua mdomo kusema, ladha inakatika. Akichukua popoo, leo haonji tena, na meli inaondoka. Asipochukua, hilo nalo ni jibu. Anainua kidole kimoja: subiri.

"Nisubiri nini?" Selwini anauliza. "Nimesubiri miaka miwili."

"Anaonja, kaka," Klera anadakia. "Kakao yako ndiyo hiyo anayo mdomoni."

"Aa." Selwini anachuchumaa mlangoni, mkono bado umenyooka. "Basi tuisikilize."

Inakuja ngali, laini, yenye mafuta. Tangawizi inapasha koo moto, pilipili inachoma ncha ya ulimi na kupoa. Nesta anangoja, maana ubaya wa chokoleti hujificha nyuma ya pilipili na kutokea mwisho.

Unatokea. Mwembamba, mbali, kama wa jiko la jirani. Moshi.

Nesta anafumbua macho, na Selwini anausoma uso wake kabla hajatamka neno.

"Usiniambie."

"Shemeji..."

"Usiniambie, Nesta! Bomba jipya lile! Nimelala pale kama mbwa, nageuza kakao kwa mikono hii!" Anaurudisha mkono wenye popoo kifuani. "Haya, sema. Sema kama ulivyosema siku ile, nami niondoke na popoo yangu."

 Akina mama wengine wamekwisha kujazana chini ya mchirizi wa paa. Nesta anasema baadaye kwamba neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lilikuwa tayari kwa sababu alilitarajia tangu siku kakao ilipoingia tanuri lile.

"Hilo ndilo lililonitisha," anasema. "Nilikuwa nimemhukumu kabla sijaonja."

Badala ya kusema, anasukutua tena. Anamtuma Klera alete chokoleti iliyobaki sufuriani, isiyotiwa kitu. Anaiweka ulimini, anafumba macho. Uchungu. Halafu udongo baada ya mvua, halafu asali kidogo. Anangoja na kungoja, mpaka Klera anaguna.

Hakuna moshi.

Anaonja nanasi peke yake. Hakuna. Anachokoa kokwa moja ya ngali kutoka katika chokoleti, anaifuta, anaitafuna polepole kwa meno ya mbele. Kisha anageuza shingo, anaangalia jikoni kwake, juu ya moto, kwenye uchaga mweusi tititi anakohifadhi ngali kama mama yake alivyohifadhi na bibi yake pia. Kila mtu Waipunu hufanya hivyo ili wadudu wasiziingie. Na ngali za chokoleti zote mia tatu zimetoka kwenye uchaga huo. Hata za mzigo ule uliorudishwa.

"Ni ngali," anasema. "Ni za kwangu."

"Nini?" Selwini anauliza.

"Kakao yako safi, shemeji. Moshi ni wa jiko langu. Nimelala nao na kuamka nao, siusikii tena."

Selwini anawatazama akina mama, mmoja mmoja. "Mmesikia? Au arudie?"

"Nitarudia kwenye mizani, ukitaka."

"Nataka," anasema Selwini. Kisha ananyoosha mkono tena.

Nesta anaipokea popoo, anaimenya kwa meno, anachovya jani kwenye chokaa. Baada ya miaka minne kichwa kinamzunguka, jasho linamtoka, anashika nguzo. Akina mama wanashangilia, ila Klera, anayeangalia bahari.

Meli ilikuja mchana ikaondoka bila mzigo wa Waipunu. Mwenye duka ametumiwa ujumbe wa kuomba subira. Hajajibu. Zile chokoleti mia tatu zinauzwa kwa bei ya chini hapo kijijini, na watu wanazigombania, maana kwa mtu wa Waipunu ngali isiyo na moshi haijaiva.

Ngali mpya sasa zinakauka kwenye tanuri la Selwini. Nesta ameomba kikundi kimpe mwonjaji wa pili, mtu asiyelala jikoni kwake. Wote wamekataa.

"Niache popoo?" Klera anasema. "Niambieni niache mume, huyo hataniumiza kichwa."

Aliyekubali ni Selwini. Hajatafuna tangu Jumapili, kichwa kinamgonga, anagombana hata na kuku. Ukimuuliza kwa nini, hajifichi: "Nataka niwepo siku atakayokosea tena."

Nesta amesikia, na anasema hilo ndilo analoliomba. Meli nyingine inakuja wiki ijayo, na ulimi wake umerudi, lakini hauamini kama zamani.

"Kila nikionja sasa najiuliza, ni kitu gani kingine nimekizoea mpaka sikisikii," anasema. "Siku shemeji atakaponikamata mbele ya watu, kama nilivyomkamata yeye, akawa na haki, siku hiyo nitapata usingizi."