Nukta Zilizokimbilia Kushoto

Kikundi chetu cha mwani hapa Mlingotini kilipopata kipimo cha unyevu, kazi ya kukijaribu iliniangukia mimi, msomi pekee wa masomo ya jioni aliyewahi kushika programu ya takwimu bila kuiunguza. Taabu ni kwamba kifaa kilikuja kushindana na mkono wa mama mdogo wangu. Miaka yote yeye ndiye mkaguzi: anatia mkono kwenye chanja ya kuanikia mwani, anafinya, anatamka alama. Kumi ni mwani uliotoka majini sasa hivi, sifuri ni kuni. Mwenyekiti akasema waziwazi: mkono na kifaa visipokubaliana, Ijumaa baada ya swala mkono unastaafu.

"Shikamoo mama mdogo. Nimekuja kukupima."

"Marahaba. Nipime, lakini ukiniangusha, mchuzi wangu wa pweza utausikia harufu tu, kwa jirani."

Siku tatu tulipima chanja zilezile saa tano na saa saba, jua likinikaanga kama kibua. Hesabu za kifaa nikazigeuza ziwe kwenye kumi kama zake. Wastani ukalingana, nikakaribia kuchinja mbuzi. Lakini wastani ni hodari wa kuficha. Nilitaka kujua kama mwani ukikauka, vipimo vyote viwili vinashuka pamoja.

Ndipo nikachora duara. Kila nukta ni chanja moja. Ikiwa mbali na kitovu, mabadiliko kati ya saa tano na saa saba yalikuwa makubwa. Ikilala kulia, mkono na kifaa vimekwenda njia moja. Ikilala kushoto, kimoja kimepanda, kingine kimeshuka. Laptop yangu, ambayo feni yake ikianza kuvuma kuku wa kijiji kizima hurudi bandani, ilifikiri mpaka chai ikapoa. Duara likatoka. Nukta zote kushoto! Zimejibanza huko kama wageni waliokosea nyumba ya harusi.

Nikaandika amri upya mara elfu moja na mia. Nukta hazikunihurumia. Kumpelekea mwenyekiti karatasi ile ilikuwa sawa na kumfukuza mama mdogo kazi kwa mkono wangu mwenyewe. Sikukubali.

Alhamisi nikasimama chanjani mapema, safari hii macho yangu kwenye vidole vyake tu. Kumbe hagusi juu! Anauzamisha mkono mpaka chini kabisa ya mwani. Na mimi siku zote kifaa nakichomeka juu juu, kama mtu anayeonja pilau kwa kulamba mfuniko.

"Mama mdogo, mbona huko chini?"

"Juu kushakaushwa na jua, kuna nini cha kukagua? Ubichi unajificha chini. Hamkufundishwa hilo shuleni?"

Saa sita wanawake hugeuza mwani, wa chini unakuja juu. Basi saa saba mimi nilikuwa napima ubichi uliotoka chini, yeye anafinya ukavu ulioshuka kutoka juu. Kifaa kinapanda, mkono unashuka. Wote wawili wakweli!

Siku hiyohiyo, saa tano na saa saba, nikachomeka kifaa palepale vidole vyake vilipogusa. Nikachora tena. Nukta zikahamia kulia, zimepangana kama safu ya swala, isipokuwa moja.

Ijumaa mwenyekiti akaitazama karatasi, akaigonga ile moja. "Na hii iliyosusa?"

"Hiyo nilikuwa nasalimiana na shoga yangu," mama mdogo akajibu. "Iandike hivyohivyo."

Nimeiandika hivyohivyo. Mwenyekiti akatabasamu, akaamua kifaa kitumike, na mkono ubaki kukionyesha pa kuingia. Wanawake wakapiga vigelegele, nadhani vilisikika Chalinze. Mama mdogo akakichukua kifaa, akakisukuma mpaka chini ya mwani, akasoma namba, akafinya pembeni yake.

"Kinajifunza," akasema. "Njoo jioni na bakuli."