Taa ya Mlangoni kwa Munji

Munji alikuwa fundi redio mjini Sfax, na alikuwa kiziwi. Cheka ukitaka, lakini watu walimpelekea redio zao vivyo hivyo, maana alizipima kwa kuweka vidole juu ya spika. Uziwi ulimjia ukubwani, kidogo kidogo. Kengele ya mlango ilipoacha kumfikia, aliing'oa akafunga taa nyekundu juu ya meza yake: mgeni akibonyeza kitufe inawaka, akiachia inazimika.

Kilichomuuma ni mdogo wake, Zubeida. Munji hakwenda kwenye arusi ya mtoto wa dada huyo, kwa haya ya kukaa kati ya watu wanaocheka asijue wanacheka nini. Zubeida akanuna, wakanyamaziana mwaka mzima.

Baada ya Idi, jirani yake Mabruka alimshika bega, akasema taratibu ili Munji amsome midomo.

"Una roho ya jiwe wewe? Siku ya Idi dada yako kakuletea samaki wa chumvi na mchuzi wa zabibu, chakula chetu cha sikukuu. Kapiga kengele mara tatu, karudi navyo analia."

"Sikuiona taa, wallahi!"

"Ulitaka agande na kitufe kama polisi? Mtu mwenye adabu anagusa tu, mara tatu. Asipofunguliwa, anakwenda zake."

"Mwambie arudi."

"Nimeshamwambia. Atakuja Ijumaa alasiri, na anasema ndiyo mara ya mwisho."

Angeweza kwenda mwenyewe, ni mitaa miwili tu. Lakini kwa Zubeida kumejaa wakwe na maneno, na Munji aliogopa, basi.

Akachomoa kapasita kubwa kwenye redio mbovu, akaiunga nyuma ya kitufe pamoja na transista. Sasa kidole kikigusa, kapasita inajaa umeme papo hapo. Kidole kikiondoka, inautoa polepole, na taa inaendelea kuwaka. Kwa kapasita ya kwanza taa ilizimika upesi mno. Akatafuta kubwa zaidi.

Ijumaa aliikodolea macho ile taa mpaka yakamuwasha. Halafu chai ikafurika jikoni, akakimbia kuiepua. Aliporudi, taa ilikuwa nyekundu.

Akafungua. Hapana mtu. Chini kwenye ngazi aliona mgongo wa Zubeida na bakuli lililofunikwa kitambaa.

"Zubeida!"

Hakujua amepiga ukelele kiasi gani. Majirani walifungua milango ghorofa zote.

Zubeida aligeuka, machozi yanamtoka huku anacheka. "Taratibu, kaka! Kiziwi ni wewe, si mimi!"

"Siku ya Idi sikukuona, mdogo wangu. Haki ya Mungu, sikukuona."

Akapanda, akamkabidhi bakuli. Kisha akaiona taa mle ndani, inafifia lakini bado haijazimika.

"Mbona inawaka? Mimi nimeachia kitambo."

"Kwa sababu wewe una haraka ya kuondoka," akasema Munji, akamshika mkono, na hakumwachia.