Ndezi wa Baba Mkwe

Nilipotoka Mbale kwenda Jinja kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu, nilikuwa nimejiandaa kuulizwa dini, ukoo na kazi. Nauza viatu vya mitumba Namakwekwe, mtaa wa Mbale, na majibu yote nilikuwa nayo. Sikujiandaa kwa bakuli la nyama.

Mzee alikuwa askari magereza mstaafu, nyumba yake iko juu kidogo ya Masese, hapo hapo Jinja. Alifunua bakuli mwenyewe.

"Karibu ndezi."

Ndezi ni panya mkubwa wa kwenye miwa, mnene kuliko sungura. Mimi ni Mkenya niliyefuata biashara Uganda. Kwetu nyama ya porini ni habari ya pingu, na huyu aliyenikaribisha alikuwa amelinda wafungwa maisha yake yote!

"Afande," nikasema polepole, "hili si kosa?"

Mchumba wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Mzee akacheka.

"Mwenye shamba ndiye anaita mimi. Ndezi inamaliza miwa yake. Lakini wewe nauliza serikali ama nauliza roho?"

"Roho," nikajibu, ingawa nilikuwa nauliza zote mbili. "Mnyama anajiishia zake porini, sisi tunamfuata huko huko kumuua."

"Wewe nakula kuku?"

"Nakula."

"Kuku iliamini wewe. Ulipea yeye mahindi, uliita yeye kila asubuhi, halafu kisu. Ndezi haikuamini mimi hata siku moja. Sasa nani mwongo hapa?"

Nilikula ugali na mchuzi, minofu nikaiacha. Mzee hakukasirika. Alisema kesho twende pamoja nione kwa macho, halafu nikitaka kukataa nikatae.

Asubuhi tulitoka na wavu na mbwa wawili. Mwenye miwa alikuja kuwafukuza ndezi watoke, mimi nikapewa kushika wavu mwisho wa shamba. Mbwa walibweka, majani yakatikisika, na kitu kizito kikanigonga miguuni. Nilianguka kifudifudi, wavu na ndezi wote chini yangu, nikapiga kelele kumshinda yeye.

"Nimemshika, afande! Nimemshika!"

Niliruka kwa furaha, nikiwa na matope mpaka masikioni. Ile roho niliyoitetea jana usiniulize ilikuwa wapi.

Mzee alipiga goti, akampapasa mnyama tumbo kupitia wavu.

"Iko na watoto," akasema. Akaufungua wavu, ndezi akaingia kwenye miwa kama mshale.

Mwenye shamba alishika kichwa. "Afande! Hao watoto nao watakula miwa yangu!"

"Wakikuwa mukubwa, ita mimi tena."

Hatukupata mwingine. Mchana tulikula maharagwe, na mzee aliwaigizia watu wa nyumbani jinsi nilivyoanguka. Mchumba wangu alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mama mkwe, ambaye kwa desturi yao hakai karibu na mkwe wa kiume, nilimsikia akicheka jikoni hadi sufuria ikamponyoka.

Safari iliyofuata bakuli lilifunuliwa tena, na mara hii nilikula. Ilikuwa nyama tamu, siwezi kudanganya, na niliila nikijua ilivyofika pale.

Niliporudi Mbale nilimsimulia jirani yangu muuza chapati. Macho yalimwaka. Akasema nimwambie mzee alete wengi kila wiki, watu wa Namakwekwe watagombania. Wazo hilo lilinivutia pia, nikampigia mzee simu.

"Ya sufuria yetu, ndiyo," akasema. "Ya soko, hapana. Tumbo inashiba, kijana yangu. Soko haishibi."

Jirani alinuna siku mbili, kisha akarudi kwenye chapati zake. Mimi nilioa mwezi uliofuata, na kwenye karamu ya watu wote wale baba mkwe hakuleta ndezi hata mmoja, alichinja ng'ombe.