Sinema ya Binti wa Kisimani

Nakumbuka Alhamisi moja ya likizo, mwanangu, tulipoitwa mimi na Rukia kwenye ukumbi wa skuli pale Makadara. Rukia ni binti wa ami yangu. Bibi alitulea pamoja, Mji wa Kale, tukila sinia moja na kulala kitanda kimoja. Walikuwa wamekuja watu wa sinema. Walitaka kutengeneza picha kutokana na kitabu cha watoto kilichopendwa sana hapa kisiwani: kisa cha msichana wa Mombasa aliyeshuka kisimani, kwenye mji wa majini, kumtoa nduguye. Zamani hizo watoto kama sisi hatukuonekana kwenye sinema, ila tukipita nyuma na vikapu.

Kitabu kile nilikihifadhi kwa ghaibu. Nilisema maneno yote bila kukwama, hata mwalimu mmoja akafuta machozi. Rukia alisahau katikati, akacheka, akaomba kuanza tena. Lakini mamake Rukia alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa asili; mtoto alitoka mweupe, nywele zikimfika kiunoni. Mwenye sinema alimtazama, akamtazama tena, akasema binti amepatikana. Mimi nikapewa kuwa jini. Wakaagiza nipakwe masizi, mimi niliyedhani weusi alionipa Mola ungetosha.

Wivu haubishi hodi, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Rukia alishonewa kanzu ya hariri, nami nikakatiwa gunia. Majirani walipompongeza barazani, nilihisi nimemeza kaa la moto. Kila nilipomsikia akijifunza maneno yale, maneno niliyokuwa nayo mimi, nilitoka nje. Nikaacha kula naye. Nikahamia kulala mkekani.

Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja alinikuta nala peke yangu jikoni, akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia. Aliniuliza Rukia amenikosea nini. Nikaendelea kula.

"Alijichagua mwenyewe?"

"La, Bibi."

"Basi wivu wako wabisha mlango usio wake. Aliyekutia wewe kisimani, ukawa jini, si Rukia. Na ndugu ni kufaana, si kufanana."

Sikukubali. Niliondoka na kinyongo changu vilevile, nikawa nacho mpaka siku ya kupiga picha. Siku hiyo nilimkuta Rukia ameketishwa kitini, mwanamke akimpaka poda usoni, shingoni, mpaka kwenye vidole. Ilimwingia machoni, naye akilia kimyakimya. Mwenye sinema alisimama kando akisema bado, ongeza. Kumbe hata yeye hakutosha! Nikamfuta macho kwa ncha ya leso yangu, masizi yangu yakamganda shavuni. Tukatazamana, tukacheka, na ikabidi apakwe upya.

Sinema ilipoonyeshwa, ukumbi ulijaa watoto wa Bondeni na wa Kizingo. Sikufichi, wivu haukuwa umekwisha. Hata leo nikiikumbuka ile kanzu ya hariri hunichoma. Majini walipotokea, watoto wakazomea, nami nikainama. Rukia akasimama juu ya kiti, akanyoosha kidole kwenye picha yangu, akasema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa:

"Yule ni dada yangu. Yeye ndiye aliyestahili kuwa binti."

Kelele zikakatika.

Basi mwanangu, usisafirie nyota ya mwenzio. Ukinyimwa nafasi kwa ajili ya sura yako, usimchukie aliyepewa. Huenda naye anapakwa poda akilia. Muulize aliyegawa, umuulize mchana, mbele za watu, kwa adabu lakini bila kutetemeka. Na nyinyi ambao leo mna kamera kwenye simu zenu, mkitunga visa vya watoto, tazameni nani mnampa hariri na nani mnamvisha gunia.

Mola akukunjue moyo. Akujaalie ujione mzuri kabla hujaonwa na mtu, na siku utakayozomewa, akupe ndugu wa kusimama akutaje. Amin.